Si kila mtoto anayekonda amenyimwa chakula

Kuna hukumu moja inayotolewa kila uchao katika kliniki zetu za watoto, tena hutolewa bila shahidi wala wakili. Mama humweka mwanawe kwenye mizani, mshale hukataa kupanda, na hapo macho yote humgeukia yeye. Huulizwa anampa mtoto nini, amemwachisha ziwa lini, na uji anaoupika una nini ndani yake. Maswali hayo yana haki ya kuulizwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, na wengi wao wamefikishwa hapo na umaskini, maradhi ya kuhara na lishe duni. Ninachoteta leo ni kwamba hukumu hii ya njaa imepanuliwa mno, hata imewafunika watoto ambao chakula wanakipata, wanakila, na hakiwafai kitu.

Namzungumzia mtoto wa namna hii. Hunyonya kwa pupa, na akiondolewa titi huangua kilio. Akianza kulishwa, humaliza bakuli la uji na kutaka jingine. Hata hivyo mbavu zake zahesabika, makalio yamesinyaa na tumbo limetuna kama ngoma. Choo chake ni kingi kupita kiasi, chang'aa kwa mafuta, hunata kwenye nepi na harufu yake huwafukuza wageni sebuleni. Mamaye akimbusu kwenye paji la uso, hubaki na ladha ya chumvi midomoni. Dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, yamkini ana ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Kiswahili hakijaupa jina lake chenyewe, na hilo halinishangazi, kwani ni nani akipaye jina kitu alichoambiwa si chake?

Walimu wenzangu wa bayolojia wataudaka ugonjwa huu upesi. Katika vitabu vingi vya kigeni tunavyovitegemea, hutajwa kuwa mfano mzuri wa jeni fiche: baba na mama wazima, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja yenye kasoro, na kila mimba ikiwa na nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Kisha huongezwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, mtoto mmoja kati ya 2,500 hadi 3,500 huzaliwa nao, ilhali miongoni mwa Wamarekani weusi ni mmoja kati ya 15,000 hivi. Lakini nadra si sufuri. Nchi yetu hupata watoto zaidi ya milioni moja kila mwaka; hata tukikadiria kiwango chetu kuwa nusu tu ya kile cha Wamarekani weusi, hao ni watoto zaidi ya 30 kwa mwaka. Mwanafunzi na aifanye hesabu hiyo mwenyewe, kisha ajiulize watoto hao huandikwa wapi.

Isitoshe, wataalamu walionyesha mwaka wa 1998 kwamba badiliko moja la jeni hii, linaloandikwa 3120+1G→A, limepatikana kwa Waafrika wa kusini mwa bara hili, kwa Wamarekani weusi, kwa Waarabu na hata kwa Wagiriki, na kwamba yaelekea lina chimbuko moja la kale. Kwa hiyo anayedai kuwa damu yetu haina uhusiano na ugonjwa huu atafute hoja nyingine.

Sasa tuingie tumboni, maana huko ndiko ugonjwa unakoanzia kumtesa mtoto mchanga. Watu wengi wanaousikia huufikiria kuwa ugonjwa wa mapafu, na ni kweli kwamba mapafu ndiyo huwaua wengi baadaye. Katika miezi ya kwanza, lakini, mwenye shida kubwa aghalabu ni kongosho. Kongosho zima humimina katika utumbo mwembamba vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga, pamoja na baikaboneti inayotuliza asidi itokayo tumboni. Mimiminiko hiyo hutegemea mlango mdogo ulio katika ukuta wa seli, ambao hupitisha kloridi na baikaboneti. Jeni inayouunda mlango huo imo katika kromosomu ya 7, nayo iligunduliwa mwaka wa 1989 na watafiti wa Toronto na Michigan. Mlango ukiharibika, maji hayapiti inavyopasa, na ute uliotakiwa kuwa mwepesi huwa mzito kama gundi. Mifereji ya kongosho huziba, mara nyingi kabla ya mtoto kuzaliwa. Vimeng'enya vilivyokusudiwa kusaga chakula hubaki ndani na kuligeukia kongosho lenyewe, mpaka likaota makovu na vifuko vya maji. Takriban wagonjwa 85 katika kila 100 hufikia hali hiyo.

Matokeo yake si fumbo. Mafuta ya maziwa hupita utumboni kama msafiri asiyeshuka kituoni, nayo huondoka pamoja na vitamini A, D, E na K. Mtoto aliyekosa vitamini K huweza kuvuja damu kwa jambo dogo. Wako pia ambao taabu yao huanza siku ile ile ya kuzaliwa: kile choo cha kwanza, cheusi na cha kunata, huwa kimegandamana na kuuziba utumbo. Mtoto hapati choo, tumbo hufura, naye hutapika matapishi ya kijani. Asilimia 15 hadi 20 ya watoto wenye ugonjwa huu huanza maisha hivyo, na baadhi yao huhitaji kupasuliwa. Mkunga anayejua kwamba mtoto aliyepitisha siku mbili bila choo hapaswi kurudishwa nyumbani amekwisha kuokoa maisha, hata kama jina la ugonjwa hajawahi kulisikia.

Kuna historia hapa ambayo sisi Waafrika tungepaswa kuisoma kwa makini. Mwaka wa 1935, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliwajulisha madaktari wa dunia neno la lugha ya Kiga ambalo sisi twalitamka kwashakoo. Miaka mitatu baadaye, mjini New York, daktari mwingine mwanamke, Dorothy Andersen, alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto 49. Alianza kwa kupasua maiti ya mtoto aliyesemekana kuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo uitwao siliaki, akakuta kongosho limejaa makovu. Hakuridhika. Alizifukua kumbukumbu za maiti nyingine, akawakuta wengi wa aina hiyo waliozikwa chini ya jina lisilo lao. Jina sistiki faibrosisi, ambalo leo hutumiwa kwa ugonjwa mzima, lilitokana na hali ya kongosho hizo.

Nawataja wanawake hao wawili pamoja kwa sababu magonjwa waliyoyaeleza hukutana mahali pabaya. Mtoto mchanga mwenye sistiki faibrosisi, kwa kushindwa kuzisaga protini, huweza kuvimba miguu na uso na kupungukiwa damu, akafanana kabisa na mtoto wa kwashakoo. Ukimtazama kwa jicho la haraka huwezi kuwatenganisha. Naye akishaandikwa kwashakoo, ni nani atakayeuliza tena? Atapewa zile pakiti za lishe ya njugu karanga, ambazo zimewaokoa maelfu ya watoto wenye njaa na ambazo siwezi kuzitia dosari. Lakini nguvu ya lishe hiyo imo katika mafuta yake, na mafuta ndiyo hasa yanayomshinda mtoto huyu. Asipopewa vimeng'enya, sehemu kubwa ya msaada huo itaishia kwenye nepi.

Mwalimu mmoja niliyefundisha naye alimzika mwanawe akiwa na miezi kumi na mmoja. Kwa miezi saba alikuwa akimpeleka katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na kila alipokwenda alifunzwa upya namna ya kupika uji. Mwanamke aliyekuwa akiwafundisha watoto wa wengine somo la sayansi-kimu alisomewa makundi ya vyakula mbele ya foleni nzima! Wakwe zake walimaliza kilichobaki: walisema anathamini chaki kuliko mtoto. Sidai kwamba mtoto yule alikuwa na ugonjwa ninaoueleza. Ninachosema ni kwamba alikula, akala sana, na choo chake hakikupelekwa maabara hata siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna watakaonijibu kwamba ugonjwa wa kurithi hauna tiba, na kwa hivyo kuujua ni kujiongezea huzuni. Jibu hilo ni la kivivu. Hapo zamani madaktari wengi waliwanyima wagonjwa hawa mafuta, kwa hoja kwamba hawawezi kuyasaga. Huko Toronto, nchini Kanada, waliamua vingine: wale mafuta kwa wingi, na wapewe vimeng'enya vya kutosha vya kuyasaga. Matokeo yalipolinganishwa na ya Boston katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1988, umri wa wastani wa kuishi ulikuwa miaka 30 Toronto na 21 Boston, ingawa hali ya mapafu ya wagonjwa wa miji hiyo miwili ilikaribiana. Miaka tisa ya uhai hupatikanaje? Kwa kiasi kikubwa, kwa chakula kinachosagika.

Vimeng'enya hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Nalisema wazi kwa kuwa najua lina uzito kwa Mwislamu wa Lamu na kwa Msabato wa Kisii, na si adabu kumficha mzazi kitu anachomlisha mwanawe. Kanuni ya dharura inajulikana vyema katika sheria ya Kiislamu, na wanavyuoni wengi wameitumia kuiruhusu dawa isiyo na badala. Mzazi mwenye shaka na amwendee sheikh au mchungaji wake, lakini aende upesi. Chembechembe za dawa hiyo huchanganywa na tunda kidogo lenye uchachu lililopondwa, mtoto akapewa kwa kijiko kabla ya kunyonya. Wala si dawa ya kujinunulia na kujipimia. Mwaka wa 1994 madaktari wa Liverpool, Uingereza, waliripoti watoto ambao utumbo wao ulijikunja na kuwa mwembamba baada ya kupewa vimeng'enya vya nguvu nyingi kupita kiasi.

Jambo jingine ni chumvi, na hili latuhusu sisi wa nchi za jua zaidi ya wenzetu wa Ulaya. Watoto wenye ugonjwa huu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Ni wakati wa joto kali la New York mwaka wa 1948 ambapo madaktari walishangaa kuwaona wakiletwa hospitalini wamezimia, na kutokana na mshangao huo, Paul di Sant'Agnese na wenzake walionyesha mwaka wa 1953 kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Hapo ndipo kilipotokea kipimo cha jasho kinachotumika hadi leo. Ikiwa jua la New York liliwaangusha watoto wale, jua la Lodwar au Garissa litamfanyia nini mtoto mchanga ambaye hakuna anayejua kwamba anahitaji chumvi ya ziada? Mama huambiwa, na kwa watoto wengine ni ushauri mwema, asitie chumvi katika chakula cha mtoto. Mtoto huyu ni kinyume cha hao, na kipimo chake cha chumvi hupangwa na daktari.

Nchini Uingereza kila mtoto mchanga hudungwa kisigino, na tone la damu yake hupimwa ugonjwa huu; mpango huo ulienea nchi nzima mwaka wa 2007. Kenya haina mpango kama huo, wala sitazamii tuupate kesho. Lakini Shirika la Afya Duniani limeviweka vimeng'enya vya kongosho katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto tangu miaka mingi, na mwaka wa 2025 likaongeza dawa mpya zinazoufungua ule mlango wa seli. Dawa hizo mpya bei yake yatisha, na kwa badiliko lile la 3120+1G→A hazitazamiwi kufaa kitu, kwa kuwa mlango wenyewe karibu haujengwi kabisa. Vimeng'enya, kwa upande mwingine, humfaa kila mtoto ambaye kongosho lake limekufa, awe Mzungu, Mmaasai au Mbajuni. Kwa nini basi visiwe jambo la kwanza kudaiwa?

Ombi langu kwa serikali za kaunti si la anasa. Kutazama vitone vya mafuta katika kinyesi kwahitaji hadubini, rangi na mtu mwenye subira. Kupima jasho kwahitaji kifaa kimoja na mhudumu aliyefunzwa, nacho kingewekwa kwanza katika hospitali kubwa za rufaa. Kwa wauguzi ombi ni dogo zaidi: mtoto akila vizuri na uzani usipande baada ya majuma kadhaa ya lishe ya pakiti, na kifua kikuu na virusi vya ukimwi vikiwa vimepimwa na kukosekana, basi mama aulizwe kuhusu choo cha mtoto na ladha ya ngozi yake, kisha mtoto aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa watoto.

Na kwa walimu wenzangu: tunapochora kongosho ubaoni, kile kijani kidogo kilicholala chini ya tumbo, tuwaeleze wanafunzi pia kinachotokea likiziba. Baadhi ya wasichana na wavulana wanaotusikiliza watakuwa wazazi kabla ya miaka kumi kupita, na wachache wao ndio watakaosimama kando ya mizani kule kliniki, kalamu mkononi, wakiamua la kuandika katika kijitabu cha mtoto.