Kaske mbili za kijana mmoja



Leo siandike juu ya mishahara ya mwisho wa mwezi. Nataka kuandika juu ya bwati. Najua wengine watacheka: "Delege wa sindika anatafuta nini ku bwati?" Muniache kwanza nieleze.

Hapa Kolwezi kuna kijana wa miaka 24. Ku kazi anaendesha kamiyo kubwa ya kubeba mawe, kwa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya kariere ya wengine. Siku ya pumuziko yeye ni DJ. Miaka 3 amepiga miziki ku ndoa, ku matanga, ku sikukuu za watoto wa jirani, na kompyuta ya kuazima. Juzi, siku ya posho, alipewa nafasi mara ya kwanza katika bwati ya kweli, mbele ya watu waliolipa mulangoni.

Siku ine mbele ya pale alikuja kwangu: "Yaya delege, siku ya posho niko napiga ku bwati. Nalomba unisaidie nibadilishe posti, juu siku ya Mungu saa 12 ya asubuhi niko ku kazi."

Jibu langu la kwanza lilikuwa baya. Nilimwambia: "Mudogo wangu, kazi iko ku kariere. Ile ingine ni muchezo." Akanyamaza, akaenda. Kisha nikakumbuka kwamba maneno yale niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe na shefu mumoja, wakati nilianza sindika. Yeye pia alisema ni muchezo. Kesho yake nikatafuta mwenzake akubali kubadilishana naye, tukaandika karatasi, shefu wa ekipe akatia sahihi. Na mimi nikaenda bwati, fasi nisiyoingia tangu miaka mingi.

Alianza saa 5 ya usiku. Watu walikuwa bado wachache, wamekaa ku meza. Akatia miziki ya mbio mara moja, kama anataka kuwainua kwa nguvu. Hakuna aliyesimama. Alipotaka kupitisha wimbo wa kwanza ndani ya wa pili, ngoma mbili zikagongana, mutu mumoja akapiga mulunzi. Nilimuona anashika kaske ku sikio, mukono unatetemeka. Niliwaza: kamiyo ile ya tani nyingi haimuogopeshi, lakini hapa anaogopa.

Akashusha mwendo. Akarudi ku rumba, ile ya wazee, polepole. Bwana na bibi yake wakasimama, kisha wengine wawili. Karibu saa 7 fasi ilijaa. Pale pale umeme ukakatika. Giza. Watu hawakutoka, wakapiga makofi na kuimba wenyewe wakati mulinzi anawasha grupe. Umeme uliporudi, kijana hakuanza upya. Alisikiliza kwanza makofi yao, akatafuta wimbo wenye mwendo ule ule, akaingia ndani yake. Pale nilijua huyu mutu anajua kazi yake. Kumaliza, akaweka sauti ya karindula, ile gita kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, juu ya ngoma za kisasa. Vijana wa Lualaba walilia kwa furaha.

Saa 9 ya usiku alishuka. Mwenye bwati akamupa biyere mbili na feza ya moto ya kurudi nyumbani. "Usiku wa kwanza ni wa kujulikana," akasema.

Bandugu, maneno haya tunayajua. Vijana wetu wangapi wanafanya miezi ku kariere chini ya jina la staje, wanaambiwa wajulikane kwanza? Usiku ule mulinzi wa mulango alilipwa. Dada wa kontuari alilipwa. Mazuti ya grupe ililipwa. Watu walilipa mulangoni ili wacheze, na aliyewachezesha ndiye peke yake aliyefanya kazi bure. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kontra ya kazi ni mapatano, ya kuandikwa ao ya mudomo, ambamo mutu anafanya kazi ya mikono ao ingine chini ya mamlaka ya mwingine, kwa malipo. Wenye kujua sheria watabishana kama DJ wa usiku mumoja anaingia mule. Mimi nasema: mutu akifanya kazi saa 4 na mwingine akaweka feza mufukoni, alipwe.

Sasa jambo la pili, na hili ni juu ya maisha. Kama posti haikubadilishwa, kijana yule angetoka bwati saa 9 na kupanda kamiyo saa 12. Wataalamu walipima: mutu aliyekaa macho saa 17 mufululizo anafanya makosa sawa na mutu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Ku mulango wa kariere tunapuliza mashine ya pombe. Yeye alikunywa maji tu, angepuliza na kupita bila shida. Mashine ile haipimi usingizi. Kwa hiyo vijana wenye kazi ya pili, musifiche. Mukuje kwa delege mbele, tubadilishe posti kwa karatasi. Na mashefu, mutu akisema ukweli juu ya usingizi wake, musimufukuze, sababu kesho wote watanyamaza, na siku moja kamiyo itasema kwa nafasi yao.

La tatu ni masikio. Baba wa kijana huyu alifanya kazi miaka mingi ku mashine ya kusaga mawe, wakati ambapo hakuna aliyetoa kaske ya masikio. Leo ukitaka kumusalimia unapiga kelele. Mwana wake aliniambia: "Baba hajasikia hata wimbo wangu mumoja. Anaweka mukono ku bafle, anasema iko muzuri."

Musikie hesabu hii. Kelele ya desibeli 85, mutu anaweza kuikaa saa 8. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda unapunguka nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Ku bwati 100 inafikiwa kwa urahisi. Kijana wetu anapata kelele ya kamiyo siku sita, kisha siku ya saba anasimama saa 4 pembeni ya bafle. Kwa Kifaransa kofia ya kazi ni kaske, ya kuzuia kelele ni kaske, ya DJ pia ni kaske. Mimi namulomba avae ile ya kuzuia kelele ku kariere kila siku bila kuchoka, na ku bwati atie vizibo vya masikio, hata wakimucheka.

Wazee fulani wataniambia bwati ni fasi ya kupoteza feza na kuharibu nyumba. Sikatai. Usiku ule niliona mwenzetu mumoja anamaliza avansi yake ku kontuari, na bibi yake ninamujua. Bamama, hasira yenu ninaisikia. Lakini miziki si adui. Miji yetu ya shaba ilipiga miziki tangu zamani. Mu mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke pale Jadotville, leo Likasi, na gita yake ikasikilizwa mbali sana na Katanga. Mu 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urizi wa watu wote. Wazee waliofanya kazi Gécamines wanakumbuka serkle, fasi ya kucheza karibu na nyumba, ambapo baba alikuja na familia. Leo kampuni ndogo zinatoa botini na kaske, basi. Kijana akitaka kupumuzika, kunabaki bwati peke yake.

Kwa hiyo ku mukutano wetu unaokuja nitaleta mambo matatu. Moja, kubadilisha posti kwa karatasi bila azabu. Mbili, kupima masikio ya kila mutu wa mashine na wa kamiyo kila mwaka, na majibu apewe mwenyewe. Tatu, kampuni zitoe fasi ya mapumuziko ya familia, hata hangari moja na umeme.

Na mwenye bwati? Siku ya kwanza ya juma nilienda kumuona pamoja na kijana, bila kelele. Feza ya usiku wa kwanza alikataa kabisa. Ya usiku wa pili alikubali kuandika: saa ngapi, feza ngapi, na kwamba umeme ukikatika malipo yanabaki. Ni ukurasa mumoja, na sahihi mbili. Kijana aliukunja na kuuweka pamoja na kontra yake ya kariere.

Vijana wengine wenye kupiga miziki, mukuje ofisini mwa sindika, tutawaonyesha namna ya kuandika wenu. Na mbele ya kupiga, mulale.