Gemu za madaraja zinatudanganya, na wachezaji wameshatuambia

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na waandishi wa programu wenzangu.

Wengi wenu mnazijua gemu za kujenga madaraja. Bridge Builder ilitoka mwaka 2000, na Poly Bridge ya Dry Cactus ikaja 2016. Unapewa bonde, vipande vya kujengea na bajeti. Unaunganisha pembetatu zako, unabonyeza kitufe, gari linavuka au linatumbukia. Tamu sana!

Hapa Embu huwa nawapa vijana laptopu yangu wacheze, nami naandika wanayoyasema. Wengi wanataka vifaa zaidi na ngazi ngumu zaidi, sawa. Lakini kijana mmoja alivusha lori, daraja likaporomoka nyuma yake, na kompyuta ikampongeza! Akacheka, akaniuliza: "Sasa bro, matatu ya nyuma itapitia wapi?"

Mwenzake akaongeza: "Na mbona barabara ya kufika darajani imenyooka hivyo?"

Hilo la pili ndilo limenikaa rohoni. Aliyesafiri kutoka Embu hadi Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu anajua kwa nini. Barabara inakata mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya: unashuka, unakata kona, unavuka, unapanda. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi na kuua watu zaidi ya 30. Daraja halikuvunjika. Kwa kipimo cha gemu zetu, ngazi hiyo imepita na alama zote.

Nilipowapelekea wenzangu pendekezo la kijana huyo, walinijibu kwamba gemu hutazamwa kwa ubavu, kwa hiyo kona haiwezekani bila kuandika injini upya. Huo ni uvivu! Tupige hesabu.

Gari likishuka kimo cha mita 50 bila breki, na tukiacha msuguano, kasi yake ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.81 × 50. Hiyo ni mita 31 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 113 kwa saa. Uzito hauhusiki. Chini kuna kona yenye nusu kipenyo cha mita 60. Msuguano wa tairi na lami ukiwa 0.6, tairi zinaanza kuteleza kwenye kilomita 68 kwa saa. Basi refu lenye mizigo juu linaweza kupinduka hata kabla ya hapo.

Umeona? Huhitaji kuichora kona. Kila kipande cha barabara kipe namba moja tu, nusu kipenyo chake. Injini kama Box2D tayari inakupa kasi ya gari kila hatua. Linganisha, na ikizidi, gari linatoka barabarani. Ni mistari michache ya kodi! Kisha mwache mchezaji aamue bajeti iende wapi: kupanua kona, kupunguza mteremko, kuweka njia ya dharura ya changarawe, au kujenga daraja la juu lililonyooka ambalo litamaliza pesa zote. Hapo ndipo fumbo lilipo.

Mtaniambia gemu ni burudani, tusiwaletee watu matanga. Hakuna aliyeomba maiti kwenye skrini. Wanaomba gemu isiseme "umeshinda" wakati abiria bado wako hatarini.

Kila ajali tunamlaumu dereva. Ndiyo, dereva hukosea, na breki hufeli. Lakini sisi tulifundishwa nini chuoni? Mtumiaji akibonyeza kitufe kibaya na data yote ikapotea, mwandishi wa programu hawezi kujitetea kwamba mtumiaji alikosea. Alipaswa kulitarajia kosa hilo na kulizuia. Kwa nini barabara ihukumiwe kwa sheria nyepesi kuliko fomu ya kujaza jina?

Watoto wanaocheza gemu hizi leo, baadhi yao watachora barabara kesho. Tukiwafundisha kwamba kazi inaisha daraja likisimama, watatuchorea Nithi nyingine.

Nimeanza kuandika gemu yangu ndogo yenye mteremko na kona. Ngazi ya kwanza nimeimaliza wiki hii, na vijana wangu wameshaanza kuilalamikia. Safari hii nawasikiliza.