Hela ya prosesa na hela ya nyumbani

Ikikaribia Novemba maswali tunayoletewa hubadilika. Miezi mingine ndugu zetu huuliza njia ipi ya kutuma hela ina makato madogo, au akiba waiweke wapi isiliwe na mfumuko wa bei. Ikifika Black Friday, na stokvel zinapokaribia kugawana, vijana wa Yeoville, Berea, Mayfair mpaka Kempton Park wanauliza jambo moja: "Nataka kujenga kompyuta ya gemu, nichukue prosesa gani?"

Msimamo wetu tunauweka mezani mapema. Kwa mfanyakazi wa hapa Jozi anayetuma hela nyumbani kila mwezi, prosesa ya viini sita ya daraja la kati inatosha. Kila randi inayozidi hapo lazima ijieleze inakwenda kufanya nini. Ikishindwa kujieleza, ibaki kwenye akiba.

Kwanza, ana haki ya kununua?

Wapo wanaosema mtu aliyekuja Bondeni kutafuta hana biashara ya kununua kompyuta ya gemu wakati mama yuko kijijini anasubiri hela ya mbolea. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatuikubali yote. Mtu anayesimama getini saa kumi na mbili kama mlinzi, au anayenyoa watu tangu asubuhi mpaka usiku, atajipumzisha kwa njia moja ama nyingine. Na mitaa mingi tunayoishi si ya kutembeatembea jioni.

Tupige mahesabu. Tuseme mtu anatumia randi 150 baa kila Ijumaa na kila Jumamosi. Kwa mwaka ni randi 15,600. Hela hiyo inajenga kompyuta ya gemu ya heshima, na ikikaa miaka mitano gharama yake ni randi 260 kwa mwezi. Hapa gemu imeshinda baa, tena anacheza akiwa chumbani kwake salama.

Kwa hiyo haki anayo. Cha kuuliza ni kompyuta inatoka fungu gani. Ikitoka kwenye fungu la burudani, mtu asimsumbue. Ikitoka kwenye fungu la nyumbani, hapo amekopa kwa mama bila kumwambia.

Usinunue jina, soma namba

Kosa linalowala wengi ni kununua "i7" au "i9" kama vile hilo jina peke yake ni kipimo. Pitia matangazo ya kompyuta za mtumba mtandaoni utaona "Gaming PC i7" kwa bei ya kuvutia. Ukiuliza i7 gani, unaambiwa i7-2600. Hiyo prosesa ilitoka 2011, ina viini vinne. Core i3-12100 ya 2022, ambayo kwa jina ni ya chini, ina viini vinne pia na inaiacha mbali sana kwenye gemu.

Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inayokwambia kizazi. Kwenye i5-12400F, 12 ni kizazi cha kumi na mbili. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani, yaani bila kadi ya grafiki skrini haitaonyesha kitu. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, lakini 5600G inayo. X3D maana yake imeongezewa kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na gemu nyingi zinaipenda.

Kizazi kina maana nyingine pia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane na kuendelea. Ukinunua ile i7 ya 2011 leo, umenunua mashine ambayo Microsoft haiitambui tena. Bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo hiyo.

Hela iende wapi

Prosesa haichori picha. Inapanga kazi: inahesabu mpira umekwenda wapi, adui yuko wapi, halafu inaikabidhi kadi ya grafiki ichore. Kimoja kikiwa dhaifu, kingine kinakaa kinamsubiri. Kwa gemu nyingi, kadi ya grafiki ndiyo inayochelewa. Kwa hiyo ndiyo inayostahili fungu kubwa.

Turudi kwenye zile randi 15,600. Tuseme prosesa ya X3D unaipata kwa 8,500. Umebaki na 7,100 kwa kadi ya grafiki, madabodi, RAM, diski, pawa saplai na kasha. Utaishia kuweka kadi ya grafiki hafifu pembeni ya prosesa ya kifalme. Sasa tuseme umechukua ya viini sita kwa 3,500. Umebaki na 12,100, na picha kwenye skrini itakuwa bora zaidi kuliko ya yule wa kwanza. Kanuni yetu ni hii: prosesa isizidi robo ya bajeti, na kadi ya grafiki iwe karibu na nusu.

Angalia pia skrini yako. Wengi tunatumia televisheni au skrini ya kawaida inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde. Prosesa ikitoa fremu 200, skrini itakuonyesha 60 zile zile. Anayecheza Counter-Strike 2 kwa ushindani, akiwa na skrini ya fremu 144 au zaidi, huyo prosesa yenye nguvu itamsaidia kweli, maana gemu hiyo inaitegemea sana prosesa. Na hapa Jozi tuna bahati, Valve wana seva Johannesburg, kwa hiyo mchezo wao haucheleweshwi na umbali. Ila awe mkweli kwa nafsi yake: anashindana, au anacheza mpira na rafiki yake wa chumba cha pili?

Tundu la prosesa ni mkataba

Ukinunua prosesa umenunua na madabodi yake, na madabodi ndiyo itakayoamua miaka minne ijayo utapandisha nini. Sisi wahasibu hapa ndipo tunapofungua macho.

Mfumo wa AM4 wa AMD ulianza 2016, na madabodi nyingi za 2017 ziliweza kupokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022 baada ya kusasishwa BIOS. Mwenye madabodi hiyo alibadilisha prosesa tu, mengine akabaki nayo. AM5 ulianza 2022, na AMD wamesema wataendelea nao mpaka 2027 na zaidi. Intel nao tundu la LGA1700 limebeba vizazi vitatu, cha 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 wakahamia LGA1851.

Kwa hiyo tunaona njia mbili za busara. Mwenye hela kidogo, au ambaye hajui kama baada ya miaka mitatu atakuwa bado hapa, achukue Ryzen 5 5600 au i5-12400F. Zote zina viini sita na zinakubali RAM ya DDR4. Anayejua atakaa na anataka kupandisha baadaye, achukue Ryzen 5 7600 kwenye AM5. Ina viini sita pia, inatumia DDR5, na njia ya mbele iko wazi. Lakini aangalie bei ya RAM kabla ya kulipa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuhudumia mashine za akili mnemba. Kama rafiki ana DDR4 iliyokaa tu, hiyo peke yake inaweza kuamua mfumo gani uchukue.

Njia ya tatu ni ya wanaojenga kwa awamu: 5600G. Unacheza gemu nyepesi kwa grafiki yake ya ndani, unaendelea kuweka akiba, kadi ya grafiki inakuja mwakani. Kashe yake ni nusu ya ile ya 5600, kwa hiyo ukishaweka kadi utapoteza fremu kiasi. Lakini hakuna deni hata la senti, na kwetu hilo lina uzito.

Umeme: hofu kubwa kuliko hesabu

Tunaambiwa chagua prosesa inayokula umeme kidogo, tokeni zitakuisha. Haya, tuhesabu. Kompyuta nzima ikivuta wati 350 ukicheza, saa tatu kila siku, kwa siku 30 ni uniti 31.5. Tukikadiria randi 3 kwa uniti, ni kama randi 95 kwa mwezi. Sasa prosesa moja ikizidi nyingine kwa wati 60, tofauti ni uniti 5.4 kwa mwezi, yaani karibu randi 16. Mtu asikuuzie prosesa ghali kwa hoja hiyo, itachukua miaka kurudisha hela yake.

Wati zina uzito mahali pengine. Core i9-14900K, kwa takwimu za Intel wenyewe, inaweza kufika wati 253 peke yake. Inataka kipozeo kikubwa na pawa saplai kubwa, na hizo ni hela. Na UPS ndogo zinazouzwa kwa wingi hubeba kati ya wati 300 na 400. Mgao wa umeme haujatutesa tena kama 2023, lakini nyaya zinaibiwa na umeme unakatika bila taarifa. Kompyuta ya viini sita na kadi ya kiasi, UPS hiyo inaipa dakika za kuzima vizuri. Ile ya i9 itaizidi nguvu.

Na kama unakaa chumba cha kupanga ambacho umeme uko ndani ya kodi, mwambie mwenye nyumba kabla hujawasha. Ni heshima, na inakuepusha na ugomvi wa mwisho wa mwezi.

Mtumba na risiti

Mtumba haukatazwi. Prosesa haina kitu kinachozunguka, na iliyotunzwa hukaa miaka mingi. Tahadhari moja: prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilipata tatizo la kuyumba kwa sababu ya volteji iliyozidi. Mwaka 2024 Intel walitoa marekebisho na kuongeza udhamini kwa miaka miwili, lakini walisema wazi kuwa prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi kwa marekebisho hayo. Ukiiona kwa mtu mkononi, bei nzuri, risiti hakuna, iache.

Kwa kitu kipya, sheria ya hapa inakulinda, uwe raia au mgeni. Sheria ya Kulinda Walaji, namba 68 ya 2008, inakupa miezi sita kurudisha bidhaa yenye hitilafu, na wewe ndiye unayechagua: itengenezwe, ibadilishwe, au urudishiwe hela. Ukinunua mtandaoni, kwa kawaida una siku saba za kughairi bila kutoa sababu, ukilipia usafiri wa kurudisha. Muuzaji akikwambia "hapa hatupokei vilivyouzwa", kabango chake cha ukutani hakifuti sheria. Tunza risiti, piga na picha.

Unalipaje?

Hapa hatuna mzaha: taslimu, au usubiri. Mkopo wa muda mfupi, kwa sheria ya hapa, unaweza kutozwa riba ya mpaka asilimia 5 kwa mwezi kwa mkopo wa kwanza wa mwaka. Kwa randi 5,000 hiyo ni 250 mwezi wa kwanza, bado ada za kufungua na za huduma. Na huyo ni mkopeshaji mwenye leseni. Mashonisa wa mtaani ana sheria zake, na akishika kadi yako ya benki, hela ya nyumbani ndiyo ya kwanza kufa.

Wala usiikatekate hela ya kutuma ili ulipie kompyuta kidogo kidogo. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia imekuwa ikiiweka Afrika Kusini kati ya nchi za G20 zenye gharama kubwa za kutuma hela. Ukivunja fungu moja kuwa matatu, pale penye ada isiyobadilika umeilipa mara tatu.

Fungua fungu la tatu. La nyumbani linatoka kwanza, siku ile ile ya mshahara. La dharura linafuata. La kompyuta linajazwa na kinachobaki: ovataimu, kazi za wikiendi, sehemu ya mgao wa stokvel. Likifika bei, nunua, cheza, usimwombe mtu radhi.

Tofauti kati ya prosesa ya kutosha na ile ya kujionyesha, kwa mfano wetu wa juu, ni randi 5,000. Kwa viwango vya miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya laki sita za Kitanzania. Kwa laki sita kuna watu wanaezeka chumba, au wanalipa ada ya mdogo wao muhula mzima. Wewe ukiwa unacheza kwenye skrini ya fremu 60, hutaona tofauti hata moja. Huko nyumbani wataiona.