Kolonele Asiye na Namba

KANDO YA BARABARA
Na Mwalimu Paluku

Jumapili, baada ya misa ya pili, niliitwa kwenye kikao cha familia kwa jirani, hapa hapa Butembo. Nilidhani ni mambo ya mahari, nikavaa koti. Koti lilivaliwa bure. Sebuleni palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi na jerikeni la pombe ya kasiksi pembeni. Kwenye kochi moja la nyumba hiyo, lile ambalo mtaa mzima unajua ni la baba mkubwa, alijinyoosha kijana wa miaka thelathini hivi. Suruali ya kijeshi, bereti, redio ya mkononi ambayo haikulia hata mara moja, na nyota za kolonele begani, zimeshonwa na fundi wa mtaani, nyuzi bado zinaning'inia. Baba mkubwa, mzee wa miaka sabini na kitu, kakunjwa kwenye plastiki, magoti karibu yaguse kidevu. Hasira yangu ilianzia hapo, na bado haijashuka.

Ajenda ilikuwa kitinda mimba wa nyumba. Ana miaka kumi na tisa, amepata diploma ya Serikali, anataka kuwa askari. Ukoo umekutana kumchagulia jeshi.

Niseme mapema ninachofikiri, ili wenye haraka wafungue ukurasa wa matangazo ya misiba. Kijana anayetaka kuwa askari aende jeshini. Jeshi la nchi hii ni moja, linaitwa FARDC, na ukiingia humo unapewa namba, ile matrikule inayokufuata hadi kaburini na baada ya kaburi. Asiye na namba si askari. Ni mtu aliyeazimwa bunduki. Wenye kutaka kunitukana wanajua pa kunipata. 

Turudi kikaoni. Mjomba aliyetoka Beni, muuza kakao, ndiye aliyeanza. Alisimama kabisa, akafunga kifungo cha shati, akapendekeza jeshi la anga. Sababu yake ni kwamba anakaa karibu na uwanja wa Mavivi, na tangu azaliwe hajawahi kuona ndege ikivamiwa na panga. Baba mkubwa akataka jeshi la majini, mtoto apangwe Kyavinyonge, kwenye ziwa Edward, samaki wawe wanafika nyumbani. Nilimkumbusha kwamba ziwa hilo lina mwenzetu upande wa pili, na kwamba mwaka 2018 askari wetu na wa Uganda walirushiana risasi juu ya maji hayo hayo yenye samaki wake. Akasema basi samaki wachache. Shangazi akasema Garde, wale wanaomlinda Rais, kwa sababu kila aliyemwona katika kikosi hicho ana mashavu.

Nimesikia watu wakichagua kitenge kwa makini kuliko hivyo.

Katiba yetu, kifungu cha 187, inataja jeshi la nchi kavu, la anga, la majini na huduma za msaada. Hiyo Garde ya shangazi ina mlango wake, haiko chini ya makao makuu ya jeshi kama wengine, iko chini ya nyumba ya Rais. Lakini yote haya ni mazungumzo ya watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya kuandikishwa. Kuruta haulizwi anapenda nini. Anapandishwa ndege, anashushwa Kitona, kule karibu na bahari ya Atlantiki, au Kamina, Katanga ya zamani. Anakimbizwa, anafundishwa Lingala kwa matusi, kisha anaambiwa kazi yake. Na kwa wengi kazi hiyo ni kutembea kwa miguu. Ukitaka kuchagua kitu jeshini ukiwa na diploma, kipo kimoja: kujaribu mtihani wa chuo cha maofisa Kananga, utoke huko na nyota ya halali. Katika watu wale wote, wenye simu kubwa na maoni makubwa zaidi, hakuna hata mmoja aliyelitamka neno Kananga. Diploma yenyewe ilikuwa imewekwa mezani chini ya sahani ya karanga.

Hawakulitamka kwa sababu kwenye kochi palikuwa na njia ya mkato.

Kolonele aliacha wazee wachoke, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Kwangu anaanza liutena. Ijumaa." Nakwambia nyumba ilitulia. Diploma jana, liutena Ijumaa! Mjomba wa jeshi la anga akaanza kutikisa kichwa kwa heshima. Dirishani alikuwa amesimama rafiki wa kijana, mtoto wa miaka kumi na sita hivi, bado na fulana ya shule. Kolonele akamwonyesha kidole: "Na huyu pia nitamtafutia." Hakuna mzee aliyekohoa. Sheria ya kulinda mtoto tunayo tangu Januari 2009, inakataza kumwingiza jeshini au katika kundi la silaha mtu asiyefikisha miaka kumi na minane, na sebule nzima ya Wakristo ilikuwa inatafuna karanga.

Ndipo nikauliza, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Kolonele, namba yako ni ngapi?"

Akanitajia namba ya simu.

Sikucheka. Mke wangu anasema nilicheka. Nilimweleza kwamba nauliza namba ya jeshi. Akasema kwa fahari kwamba wao ni Wazalendo, jina wanalojiita vijana wa msituni, hawahitaji namba, nchi inawajua.

Nchi haimjui. Nchi inajua orodha. Kabla ya mwaka 2005 pesa za askari zilikuwa zinatoka Kinshasa na kupita mikononi mwa makamanda, kila mmoja akihesabu vichwa anavyotaka, na askari hewa wakilipwa vizuri kuliko walio hai. Umoja wa Ulaya ukaleta ujumbe wake, EUSEC, ukaanza kuhesabu askari kwa alama za vidole na kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Bado ni midogo, na wizi haujaisha, lakini Rais alipotangaza mwaka 2025 kwamba mishahara ya askari na polisi inaongezwa maradufu, waliohusika ni wale walio kwenye orodha. Kolonele wetu alisikiliza tangazo hilo kwenye redio kama mimi na wewe.

Nina haki ya kuwa mkali hapa. Nilikuwa na chaki mkononi mwaka 1996, waasi wa AFDL walipofika, na darasa langu la sita likapungua kama gunia lililotoboka. Hakuna aliyewaita watoto, walijiita. Wengine wao, makadogo hao, walitembea hadi Kinshasa na kuiona ikianguka Mei 1997. Wachache walirudi. Mmoja alipita brassage, ule mchanganyo wa makundi kuwa jeshi moja, hapo Nyaleke, nje kidogo ya Beni, baada ya vita vya pili, akapata namba. Leo ana mshahara, ana mke, ana tumbo. Mwenzake, aliyekuwa hodari kuliko yeye darasani na, wanasema, hata vitani, alibaki na kundi lililokuwa na jina zuri mwaka ule. Jina limebadilika tangu hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sasa anasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, na kila kundi jipya likipita linamwita afande, linamwomba ushauri, halimpi hata sabuni.

Najua mtakachoniandikia. Mtasema jeshi hilo la namba lilikuwa wapi tangu Oktoba 2014, watu wa Beni walipoanza kuchinjwa usiku, Mbau, Oicha, Eringeti? Lilikuwa wapi Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024? Mtasema askari wa Lingala kwenye kizuizi naye anakula pesa, na kwamba hawa vijana wa msituni angalau wanasalimia kwa Kinande. Haya, nimesikia. Wamepigana, wamekufa, wengine wamekufa vizuri kuliko waliolipwa kufanya hivyo. Siwanyang'anyi ujasiri wao. Lakini kanali ambaye Beni ilimlilia barabarani Januari 2014, Mamadou Ndala, hakushonewa nyota na fundi. Alikuwa mtu wa jeshi, na hakuwa hata mtu wa kwetu.

Sababu ya upuuzi huu naijua, na sihitaji profesa wa chuo kikuu cha Graben anieleze. Tangu Mei 2021 mkoa huu uko chini ya utawala wa kijeshi. Gavana mwanajeshi, meya polisi, na tangu Goma ichukuliwe na M23 Januari 2025 ofisi za mkoa zenyewe zimehamia Beni. Kijana wa miaka kumi na tisa hajaona mkubwa asiye na gwanda tangu sauti yake ivunjike. Kisha Novemba 2022 Rais akasimama kwenye televisheni akawaita vijana waandikishwe jeshini na pia waunde vikundi vya kukesha. Goma wakajaa kwenye foleni. Neno la kwanza lilikuwa na ofisi na fomu. La pili halikuwa na mlango, na kila mwenye bereti akajifanya ndiye mlango. Mwaka 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba ili kuwaingiza hao wote kwenye daftari. Ni vizuri. Kwenye kochi lile sikuona daftari. Na katiba ile ile, kifungu cha 190, inasema kuunda kikosi cha kijeshi cha binafsi au kufuga vijana wenye silaha ni uhaini mkuu. Sikukisoma kwa sauti, kwa sababu za afya.

Kwa Watanzania mlango huo upo: wana JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu 1963. Kijana anaingia, anaimba, analima, analala kwenye kitanda kilichohesabiwa. Hata huko wapo wanaolalamika. Nendeni mkalalamike nao, ni raha.

Aliyevunja kikao ni mama wa kijana. Alikuwa anapita na sahani, hakuna aliyempa kiti. Aliuliza swali la mtu anayenunua na kuuza: "Kwako analipwa ngapi kwa mwezi?"

Kolonele alirekebisha bereti. "Mama, sisi wananchi wanatusaidia."

Sasa, mama huyu huleta maharage kutoka upande wa Lubero. Msaada huo anaujua. Anautoa penye kamba iliyofungwa katikati ya barabara, kila safari, pesa mkononi, na akichelewa kuutoa gunia linashuka. Alitazama nyota zile, akatazama mwanawe, akasema bila kupandisha sauti: "Kumbe nitakuwa ninamlipa mimi." Akaendelea kugawa chakula. Wanaume tukagundua wote kwa pamoja kwamba mvua inakaribia.

Mjomba wa jeshi la anga nilitoka naye. Njiani alinieleza kwamba wanawe wawili wanasoma Kampala, ada ni kali, kakao ndiyo inayosaidia. Nilimuuliza kama nao amewafikiria kwa jeshi la anga. Alisema wale wana vichwa.

Basi tusisikie tena mtu wa Butembo akilalamika kwamba hatuna majenerali wa kutosha Kinshasa. Kifungu cha 189 kinataka mikoa yote iwakilishwe kwa haki jeshini, katika kila ngazi, pamoja na elimu na mwenendo mzuri. Nitawaombeaje haki hiyo watu ambao mwenye kichwa wanampeleka Kampala, mwenye diploma wanampa msitu, halafu wanashangaa cheo kimekwenda kwa mtoto wa Kasai aliyekaa Kananga akimeza kozi? Tumezalisha makolonele wengi kuliko mkoa wowote wa nchi hii. Hakuna hata mmoja anayeweza kupanda ngazi, kwa sababu walianzia juu.

Kijana mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza chochote kikao kizima, alinifuata hadi langoni. Nilimwambia atoe diploma yake chini ya karanga, aitengenezee nakala, na kila atakayemwahidi cheo amwombe kwanza karatasi yenye mhuri. Alama zake za hesabu zinatosha kwa mtihani wa Kananga. Mapafu ya kukimbia ni juu yake.

Jumatatu kolonele alinitumia mtu, na kwa heshima kabisa, akiniomba nisiandike jina lake gazetini. Hana haja ya kuogopa. Nimelitafuta, halijaandikwa mahali popote.