Kidonda Kupona Siyo Mkono Kupona

Ndugu msomaji, utazame mkono wako. Kiganja, vidole na kifundo vina mifupa 27. Vidole hukunjwa na kunyooshwa na kano. Kano ni kama kamba. Kamba hizo huvutwa na misuli iliyo chini ya kiwiko. Shika hapo, kisha kunja ngumi. Utasikia misuli ikicheza.

Kwa mkono huo tunashika jembe, tunasonga ugali na tunakamua ng'ombe. Mkono ukiumia, jamaa nzima inaumia.

Watu wengi huvunjika mkono, hukatwa na panga au huungua moto. Hospitalini mfupa unaunga na kidonda kinafunga. Kisha mtu hurudi nyumbani na kusema, "Nimepona." Mimi nasema bado. Mkono uliokaa wiki nyingi bila kutumika hukakamaa. Kano hunata kwenye kovu. Ngozi iliyoungua hujivuta, na vidole hujikunja. Mtu ana mkono, lakini hawezi kushika mpini.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye hupima kidole kinakunjika kiasi gani. Huufunga mkono kwa gango ili ukae vizuri. Humfundisha mgonjwa mazoezi, siku baada ya siku. Wengine hudhani kazi hii ni kukanda tu. Sivyo.

Mwaka 1946 daktari Paul Brand alikwenda Vellore, India. Huko aliwapasua watu ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja kwa ukoma. Alichukua kano nzima mahali pengine akaiunga kwenye vidole. Lakini kano iliyohamishwa haijui kazi yake mpya. Ilibidi mgonjwa afundishwe kuitumia. Bila mafunzo hayo, kazi ya kisu ingepotea bure.

Basi, usiondoke hospitali kabla ya kuuliza: "Nifanye mazoezi gani? Nianze lini?" Usijianzishie mwenyewe. Kano iliyoshonwa ikivutwa mapema hukatika. Wala usimruhusu mtu auvute mkono kwa nguvu. Ukiwa umefungwa plasta, uinue mkono juu ili uvimbe upungue. Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi sana, rudi hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Nanyi wazazi, mtoto akipenda kazi ya afya, msimtajie udaktari na uuguzi tu. Kazi ya mazoezi ya viungo inafundishwa hapa nchini, pale KCMC, Moshi. Ni kazi ya uvumilivu. Huenda miezi ikapita kabla kidole kimoja hakijakunjika. Lakini wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Anayevirudisha vidole vyote kazini amemrudisha mkulima shambani.