Sifa Hazimponyi Mgonjwa

Kuna desturi iliyozoeleka ya kuzitazama picha za madaktari wa vijijini: mtazamaji huguna kwa huruma, humsifu daktari, kisha hufunua ukurasa wa pili. Desturi hiyo ni dhuluma, japokuwa imevishwa joho la heshima. Na picha zinazodhulumiwa zaidi ni zile zilizo bora kuliko zote.

Tarehe 20 Septemba 1948 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za W. Eugene Smith zinazomwonyesha Dakta Ernest Ceriani wa Kremmling, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado. Smith aliandamana naye kwa siku 23. Yasimuliwa kuwa mwanzoni alibofya kamera isiyokuwa na filamu, ili daktari azoee kutazamwa hata asahau kuwa anatazamwa. Katika picha hizo yumo mtoto aliyepigwa teke la kichwa na farasi, na wamo wazazi wake, nyuso zimewasawijika. Yumo daktari mwenyewe, saa nane za usiku, baada ya upasuaji, kasimama jikoni mwa hospitali na kikombe cha kahawa mkononi, hoi.

Picha hiyo ya jikoni ndiyo inayopambwa kwa maneno makubwa: kujitolea, utu, hata utakatifu. Ati ni utenzi wa shujaa. La hasha! Inachokisema ni kwamba daktari mmoja alikuwa na watu wapatao 2,000 waliotawanyika katika eneo la maili za mraba zipatazo 400. Na kahawa ile haikujipika. Wauguzi waliiweka tayari saa zote, kwani walijua fika kwamba wamwambiapo apumzike, hawezi. Hakuwapo wa kumpokea zamu. Basi kilicho usoni mwake si fadhila peke yake, bali pia ni deni, na mdaiwa hayumo pichani. Kumsifu aliyechoka bila kumuulizia mwenziwe wa zamu ni kumsifu punda kwa mzigo aliozidishiwa.

Watetezi wa sifa watajibu kuwa huruma nayo ina faida yake. Ni kweli. Desemba 1951, Life ilipochapisha picha alizopiga Smith za Maude Callen, muuguzi na mkunga mweusi aliyewahudumia mafukara wa vijiji vya South Carolina, wasomaji walichanga zaidi ya dola 20,000, na mwaka 1953 kliniki ikafunguliwa. Hakuna haki ya kulibeza jambo hilo. Lakini kliniki ilijengwa pale kamera ilipofika. Vijiji visivyofikwa na mpigapicha vilichangiwa na nani? Afya inayomngoja mgeni mwenye kamera ni bahati nasibu, si haki.

Tena sifa haikinai. Mwaka 1954 Smith huyo huyo alipompiga picha Albert Schweitzer kule Lambaréné, nchini Gabon, ukweli haukumtosha. Ndani ya chumba cha giza alichukua kivuli cha mkono na mpini wa msumeno kutoka negativu nyingine, akavitia katika picha ya daktari yule ili apate umbo la walii. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa aliyetia maji ni msifu mwenyewe.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa hayo. Wamekwisha kusoma beti nyingi za kumtukuza bwana wa jahazi, zisizomtaja hata mara moja baharia aliyekesha akikumba maji.

Kwa hiyo wanaozichapa na kuzitundika picha za namna hii, ziwe za Colorado ya 1948 au za zahanati yoyote ya leo, waandike chini yake yaliyo wajibu: daktari huyu ana watu wangapi, wa pili wake yuko wapi, na aliyelala kitandani aliombwa ridhaa au hakuombwa. Mgonjwa si pambo la wema wa mtu mwingine. Na mtazamaji, akishamaliza kusikitika, aulize ni nani aliyepaswa kuwapo jikoni mle saa nane za usiku kumwambia daktari aende akalale, na kwa nini hakuwapo.