Jeshi la Kigeni Halipatanishi Ndugu

Maji yanayopiga ufukwe wa Matema ndiyo yale yale yanayopiga Metangula, Msumbiji. Basi mtumishi au mwalimu wa Ipinda anayedai kwamba vita vya jirani humalizwa upesi kwa kupelekewa jeshi la nje, hana haja ya kutafuta ushahidi Ulaya.

Vita vya Msumbiji vilichochewa na wageni. RENAMO iliundwa na majasusi wa walowezi wa Rhodesia. Utawala wao ulipokwisha mwaka 1980, Makaburu wa Afrika Kusini wakairithi. Machi 1984 Makaburu hao walitia sahihi Mkataba wa Nkomati kwamba wataacha kuisaidia. Wino haujakauka, silaha zikaendelea kupita. Huo ndio uaminifu wa beberu!

Yapo majeshi yaliyoingia kwa ridhaa ya serikali halali: la Zimbabwe likilinda njia ya Beira, la Malawi reli ya Nacala, na la Tanzania huko Zambezia hadi 1988. Hakuna mzalendo atakayeyatia kapu moja na Makaburu. Lakini hata hayo hayakuvimaliza vita. Malawi, hapo ng'ambo ya Mto Songwe, ilibeba wakimbizi wapatao milioni moja. Bunduki zilinyamaza baada ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, na waliotia sahihi walikuwa Wamsumbiji wenyewe, Chissano na Dhlakama.

Anayeshabikia leo majeshi ya kigeni aeleze kwanza: yataondoka lini, na kwa amri ya nani?